Msumari wa Nane

Karakana ya viatu
Jumatatu, 2 Desemba

Mwanangu Gundi,

Kabla hujafungua kifurushi, kaa chini kwanza. Umekaa? Haya, fungua.

Ni viatu vyako vya baridi. Ngozi hiyo niliiweka tangu mwaka juzi nikingoja kazi inayoistahili. Soli ni mbili, nimezishona kwa mkono, na ndani nimetandika manyoya ya kondoo kwa sababu kila ukiandika unalalamikia baridi ya huko. Ni wewe uliyeamua kwenda kuwa muuguzi ng'ambo ya mlima, mimi sikukutuma, ila hivyo vidole vyako bado ni mali ya ukoo.

Geuza kisigino uone. Kila kiatu kinachotoka hapa kina misumari saba kwa duara. Vyako vina saba, na wa nane katikati. Huo wa nane sijawahi kumpigia mteja yeyote, hata yule mkuu wa shule anayejiona.

Sikuhitaji kukupima. Karatasi ya mguu wako bado iko ukutani pamoja na za wateja wote, kila moja kwenye msumari wake kama mama yako, Mungu amrehemu, alivyozipanga. Septemba nilipaka ukuta chokaa, nikazishusha zote mia na kitu, nikazirudisha mwenyewe bila kukosea hata moja.

Barabara ya magari imefungwa na theluji mpaka Machi, kwa hiyo mzigo anauleta Tarishi kwa miguu kupitia Pengo, ile njia ya juu mlimani. Mpe chai. Amelalamikia uzito kana kwamba nimemtwisha ng'ombe mzima. Viatu vyake yeye vimepasuka hadi unaona soksi. Nimemwambia aviache nivishone, anasema akiviacha atapanda mlima na nini.

Nijibu kama vimekutosha. Miaka thelathini na mitano, sijawahi kurudishiwa kiatu.

Baba yako


Zahanati
Alhamisi, 5 Desemba

Shikamoo Baba,

Vimenitosha! Vimenikaa vizuri mno, mguu umetulia tuli. Nilipoingia navyo wodini, muuguzi mkuu alivitazama mpaka akasahau alichotaka kunigombeza. Msumari wa nane nimeuona. Nilikaa kitandani nimekishika kiatu mapajani kama mtoto mchanga, nikatokwa na machozi kidogo. Usimwambie mtu.

Kazi ni nyingi, mafua yamepamba moto. Chumba changu kina dirisha linaloutazama mlima, na asubuhi nikiona moshi upande wako huwa najisemea huyo ni Baba anachemsha gundi. Najua si wewe. Nafurahi hivyo hivyo.

Mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa? Kurasa nne kwa maneno ya ukurasa mmoja! Zamani nilikuwa nikiacha nafasi ya kidole pembeni ya daftari, unanisema wiki nzima.

Binti yako,
Gundi


Mlangoni, Alhamisi hiyo hiyo

Mjomba Tarishi,

Nimetoka zamu, nimelala, usinigongee. Viatu viko nyuma ya mlango. Vichukue.

Mimi nimejaribu soksi jozi mbili, nikajaribu tatu, nikajaza na pamba ya zahanati. Wapi! Nikipiga hatua, mimi naenda na kiatu kinabaki. Wewe ulipovijaribu juzi mbele ya jiko nilikuona unavyotabasamu. Vilikuingia kama ulipimwa wewe. Kesho unavuka Pengo na hayo matambara yako, na mimi sitaki kuja kukukata vidole vilivyogandishwa na theluji.

Ila Baba asijue. Hajarudishiwa kiatu miaka thelathini na mitano, sitakuwa mimi wa kwanza.

Gundi


Karakana ya viatu
Jumatatu, 9 Desemba

Mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo dirishani mchana kutwa. Kwa hiyo vimekutosha! Nilijua, lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili.

Mwandiko ni kalamu mpya. Inatema wino, lazima niipe nafasi.

Sasa sikiliza. Nimeamua kuja. Jumanne ya tarehe kumi na saba, siku hiyo moja kwenda, nilale kwako, nirudi na Tarishi Ijumaa. Nataka kuviona vikitembea. Nikishika kisigino kilicholika, najua mtu anavyotembea, anavyolala, na kama anakula. Barua zako zinaniambia uko salama, lakini nataka kisigino kinithibitishie.

Usianze maneno ya umri. Pengo nililivuka nikiwa na mama yako mgongoni siku aliyoteguka mguu, na yeye hakuwa mwepesi.

Tarishi ana jambo. Ijumaa kaingia hapa na viatu vyake vile vile vya kupasuka, theluji imejaa hadi kwenye kamba, halafu soksi kavu kabisa! Nikamwuliza imekuwaje. Kasema siku hizi anatembea kwa uangalifu. Nimemwambia tutapanda wote, akaanza kukohoa.

Baba yako


Mlangoni pa zahanati
Jumanne, 10 Desemba

Daktari,

Najua wewe si daktari, lakini nikikuita muuguzi hunipi dawa ya kikohozi.

Tumekwisha. Baba yako anataka kuvuka na mimi wiki ijayo. Hivi sasa navua viatu vyako kwa yule msaga unga, kabla ya kuingia mjini, navificha nyuma ya magunia, navaa vyangu, nachovya kidogo kwenye theluji, ndipo naenda kumsalimia. Wiki iliyopita nikasahau kuchovya soksi. Sasa nitatembea naye saa nane nzima nimevaa nini? Fundi hamwangalii mtu usoni. Anaanza na miguu, na akimaliza miguu mazungumzo yameisha.

Mwambie ukweli, au niazime miguu mingine. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, sistahili kujificha nyuma ya magunia ya unga.

Lakini viatu, wallahi, ni vizuri. Sijawahi kuvaa kitu kama hiki maishani.

Tarishi


Zahanati
Alhamisi, 12 Desemba

Shikamoo Baba,

Njoo Machi. Barabara itafunguka, utapanda gari umekaa, nitakupikia, tutacheka. Viatu kwa sasa nimevihifadhi kabatini visichakae, kwa hiyo hata kisigino cha kukishika hakuna.

Najua hunisikii. Basi kama ni lazima, sharti ni moja tu: usiondoke bila Tarishi. Kule juu Pengoni njia ni hatua tatu kwa upana, na mkono wa kushoto hakuna kitu, ni hewa. Kinachomwongoza mtu ni yale mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Usipoliona jiwe linalofuata, unasimama. Niahidi.

Binti yako anayekupenda na anayekuogopa,
Gundi


Chini ya mlango wa karakana
Jumanne, 17 Desemba, kabla ya kupambazuka

Fundi,

Samahani sana, nimetangulia. Mzigo wa leo una haraka. Msaga unga anasema juu kuna ukungu, kwa hiyo tafadhali USIPANDE LEO. Ijumaa nitakueleza jambo, uniwie radhi mapema.

Tarishi


Zahanati
Ijumaa, 20 Desemba

Baba,

Barua hii naitia mwenyewe kwenye mfuko wa Tarishi, na hapa dirishani nitawaona mkianza kupanda, mfuko utaubeba wewe. Kwa hiyo unajipelekea barua yako. Nisamehe kwa mzigo.

Jumanne saa kumi alasiri nilifungua mlango nikakukuta umesimama na theluji kwenye masharubu, na nyuma yako Tarishi amejikunyata kama aliyevunja dirisha la shule. Hukunisalimia. Ulisema, "Toa mguu." Nikautoa, umevaa kiatu changu cha zamani, ukaupapasa, ukasema, "Muongo mkubwa." Nilicheka na kulia kwa pamoja. Kwa habari ya viatu nimekuomba radhi siku tatu mfululizo, na hapa naomba tena kwa maandishi uiweke ukutani. Nilidanganya kwa sababu sikutaka kukuvunja moyo.

Sasa zamu yako.

Jana nilikuwa nashona mfuko wa koti lako. Nimekuta karatasi ya Tarishi. Jumanne nilikuuliza kama uliiona, ukasema uliiona, ilikuwa salamu tu. Baba, imeandikwa usipande leo. Kwa herufi kubwa.

Na ile chai uliyomimina pembeni ya kikombe, ukasema meza yangu imepinda. Nimeweka glasi ya maji juu yake, haijapinda. Na ule mwandiko, nao tuseme ni kalamu?

Mezani ulisimulia safari yote kama mtu aliyekwenda dukani na kurudi. Sikukukatiza mbele ya Tarishi. Lakini mimi ni muuguzi, na kabla ya hapo ni mwanao. Unaona kiasi gani?

Gundi


Karakana ya viatu
Jumatatu, 23 Desemba

Gundi mwanangu,

Barua yako ameisoma Tarishi kwa sauti, hapa karakanani, amekaa kwenye kiti cha wateja. Alipofika kwenye swali lako akakohoa, akakunja karatasi. Sasa hivi yuko nje, nimemwambia akavute hewa, ili niandike peke yangu.

Unauliza naona kiasi gani. Naona mlango kama una mwanga nyuma yake. Naona kwamba kuna mtu, simwoni ni nani mpaka aseme. Miguu naitambua kwa sababu nainama karibu. Kushona nashona kwa vidole, navyo havijambo. Ni tangu masika yaliyopita. Nilinyamaza kwa kuwa nilijua utasema, Baba, funga karakana, njoo uishi na mimi. Halafu ningekaa kwenye chumba chako kizuri nautazama mlima nisiouona. Niliogopa. Ndiyo hiyo tu, niliogopa.

Sasa nikusimulie safari, ile ya kweli.

Nilimngoja Tarishi mlangoni, hakuja. Nikaikanyaga ile karatasi, nikaiokota, nikaona weupe na mistari. Nikajisemea, ni salamu. Nikaitia mfukoni, nikachukua fimbo, mkate na chupa ya chai, nikaondoka. Ulinitaka nisiondoke bila yeye, lakini nilidhani yuko mbele kidogo tu na nitamfikia.

Na nikwambie ukweli, asubuhi ile nilifurahi kupita kiasi. Baridi ilikuwa ya kuuma pua, kijito kimeganda chote, theluji inalia chini ya soli kama sukari. Nilipofika kwenye misonobari nikaanza kuimba. Nina miaka sitini na sita na nilikuwa naimba peke yangu mlimani, hata ndege mmoja asingethubutu kukaa karibu anisikie. Nikanywa chai nimesimama, mvuke wake na wa pumzi yangu vikachanganyika. Nikamkumbuka mama yako. Kama safari ingeishia pale ningesema ni siku nzuri kuliko zote za mwaka.

Misonobari ilipokwisha, ukungu ukashuka. Nikatafuta jiwe jekundu. Hata bila ukungu nisingeliona, Gundi. Mlima mzima ulikuwa rangi moja, juu na chini. Nikanyoosha fimbo mkono wa kulia, ikagusa mwamba. Nikainyoosha mkono wa kushoto, haikugusa kitu.

Nilisimama kama ulivyoniagiza. Nikasimama sana. Baridi ikaanza kuingia magotini, nikajua nikiendelea kusimama nitabaki hapo hapo. Kurudi sikujua ni wapi, maana nilikuwa nimeshageuka mara mbili. Nikainama kukaza kamba ya kiatu, walau nife nimevaa vizuri, na mkono ukatumbukia kwenye shimo dogo la theluji. Nikavua glavu. Nikahesabu kwa kidole. Misumari saba kwa duara. Na wa nane katikati.

Sitaweza kukueleza. Nilipiga kelele, "Gundi!" Sikupata jibu, lakini moyo ulikuwa umetulia. Nikasema, huyu mtoto kaja kunipokea, ukungu umempoteza hakuniona, kageuka kurudi, maana vidole vya unyayo vilielekea kwako. Nikaanza kufuata. Unyayo mmoja, napapasa, nahesabu, napiga hatua. Mwingine, napapasa, nahesabu. Kuna mahali mimi ningekwenda moja kwa moja, unyayo ukapinda kulia. Nikapinda nao. Nilipotupa donge la theluji kule ambako ningekwenda, sikusikia likianguka.

Nilikwenda hivyo saa nzima na zaidi, nimekunja mgongo, nakugombeza njia nzima. Nani kakuruhusu kuacha wagonjwa? Na mbona unatupa mguu wa kulia nje, hukuwa ukitembea hivyo? Nikajisemea umechoka, hawakulishi huko.

Unyayo ukanifikisha kwenye mlango wa kile kibanda cha mawe wanamopumzikia wapita njia. Nikausukuma, nikasema, "Toa mguu nikuone, mwanangu!"

"Karibu, Fundi," akasema Tarishi.

Alikuwa amekaa juu ya mfuko wa barua akingoja ukungu upungue, miguu mitupu kaielekeza kwenye moto. Nikamwuliza, Gundi yuko wapi? Hajui. Viatu vyako viko wapi? Hana. Umepanda theluji yote hii huna viatu? Akasema ndiyo, ni mazoea. Nikamwambia ainuke. Akasema hawezi, mgongo. Nikamwinua mimi. Chini ya mfuko nikavipapasa viatu vyangu, vimelowa, vina joto la mwili wake kama mayai.

Tuligombana, kisha nikamvalisha mwenyewe ili nihakikishe, maana sikuamini. Nikapitisha kidole gumba kuzunguka kisigino, nikabonyeza mbele. Gundi, vimemkaa! Sijawahi kuona kiatu kilichomkaa mtu hivyo. Nilikasirika na kujivuna kwa wakati mmoja, na ni kazi ngumu kufanya yote mawili kwenye kibanda kidogo. Kutoka hapo kushuka kwako nilishika mkanda wa mfuko wake njia nzima. Nilimwapisha asikwambie.

Nimelala nikiliwaza siku sita. Kama viatu vingekutosha, vingekuwa zahanati miguuni mwako, na mimi nisingekuwa na kitu cha kufuata. Kama ungeniambia mapema kwamba havitoshi, ningeshtuka mapema, nisingepanda kabisa. Sijui nikugombeze au nikushukuru. Naona nifanye vyote, nianze na shukrani kwa kuwa Tarishi amerudi na baridi imeingia.

Baba yako asiyeona vizuri


Zahanati
Alhamisi, 26 Desemba

Baba,

Jumatatu, tarehe sita Januari, saa tatu asubuhi, hospitali ya hapo mjini, daktari wa macho. Nimeshaandika jina lako. Tarishi atakushika mkono.

Karakana haifungwi. Nani kasema ifungwe?

Nimeisoma barua yako mara tatu na mara zote nimesimama nje kwenye theluji, sijui kwa nini, nilishindwa kukaa ndani.

Gundi


Karakana ya viatu
Jumatatu, 13 Januari

Mwanangu Gundi,

Unaona mwandiko? Ukurasa mmoja!

Daktari ni binti mdogo tu, lakini ana amri kama wewe. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, watalisafisha Machi barabara ikifunguka. La kushoto lilitaka miwani tu, tangu zamani. Nimeivaa hapo hapo. Mtu wa kwanza kumwona ni Tarishi. Kumbe kazeeka! Nikamwambia. Akasema na mimi nijitazame kwenye kioo. Nimejitazama, sitarudia.

Nilipofika hapa nikaenda moja kwa moja ukutani. Kwenye msumari wako imetundikwa karatasi ya Tarishi, na jina lake juu, kwa mkono wa mama yako. Wewe uko msumari wa pili, umetulia, unanitazama. Siku ya chokaa nilikosea nafasi moja. Nikatazama na zingine. Mke wa mwokaji mikate amekuwa akivaa kipimo cha mumewe tangu Oktoba, na hajasema neno, masikini. Kumbe mji mzima mnanionea huruma! Nimewaandikia kumi na wanne waje wapimwe upya, bure, na watoe mguu na kusema ukweli bila adabu yoyote.

Tarishi akataka kunirudishia viatu. Nimekataa. Ila nimeviona vizuri sasa, na nimemwambia msumari wa nane sing'oi.

Kwenye kifurushi hiki kuna vyako. Nimevikata kwenye karatasi yako wewe, nimeisoma mara mbili, kisha Tarishi akaisoma. Soli mbili, manyoya ya kondoo, misumari minane.

Vivae. Tembea navyo siku mbili. Halafu niandikie, na safari hii nisikusikie na ile "vimenitosha" yako kama havikutosha. Ukinidanganya nitajua, nina miwani.

Baba yako


Zahanati
Alhamisi, 16 Januari

Shikamoo Baba,

Nimevivaa siku mbili, wodini, nje, hadi kwenye kijito na kurudi. Vina joto, ni vizuri, na kisigino kimenishika barabara.

Cha kushoto kinabana kidogo kwenye kidole cha mwisho.

Nakirudisha kwa Tarishi. Kipanue, halafu mje nacho Machi, wewe na yeye, nami nitakuwa nimesimama mlangoni na mguu nimeshautoa.

Binti yako,
Gundi